Kichaka Nilichokifyeka Biryogo

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza habari za Kigali, na kila mmoja nimempa kipande tu, kwa sababu nilikuwa na haraka au sufuria ilikuwa jikoni. Sasa nasikia vipande hivyo vimeungwa bila mimi. Kuna wanaosema nilipigana na mama mkwe. Kuna anayesema nilirudi na uchawi ndani ya gunia. Jamani! Kaeni basi niwasimulie mara moja kuanzia mwanzo, na atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi asome mwenyewe.

Kwa wasiojua, mume wangu Sefu ni fundi wa reli hapa Tabora, lakini kwao ni Kigali, mtaa wa Biryogo, kwa wale Waislamu ambao babu zao walifika na biashara kutoka Ujiji na hawakurudi tena. Alinioa mimi, binti wa Kinyamwezi, kabla mama yake hajaniona. Habari zilipomfikia, mama alijibu kwa kunyamaza, na kimya chake tumekaa nacho nyumbani tangu siku hiyo. Kisha vita vikaanza kaskazini mwa Rwanda, na Sefu akawa halali vizuri. Akamwomba mama yake aje akae nasi. Majibu yaliletwa na madereva wa malori, na yalikuwa mawili. La kwanza, hawezi kuondoka kwa sababu mtaa mzima unategemea umuravumba wake, yaani mti wa dawa ulio uani kwake. La pili, yeye hajapata kulala katika nyumba isiyo na umuravumba uani, na hataanza leo.

"Visingizio hivyo," nilisema.

"Hata mimi najua ni visingizio," Sefu akajibu. "Lakini kimoja tunaweza kukiondoa."

Yeye mwenyewe asingeweza kwenda. Mwanamume anayeingia Rwanda wakati huu akitokea nje huulizwa maswali yasiyoisha. Basi nikatumwa mimi, kiangazi hiki cha 1992. Nilete miche ya umuravumba, na nikiweza nimlete mama mwenyewe. Nilimuuliza mti huo ukoje. "Jani pana," alisema, "lina manyoya laini, linanata mkononi, na harufu yake ukiinusa mara moja huisahau." Alifumba macho kabisa akisema hivyo. Yashikeni maneno hayo, maana ndiyo yaliyoniponza.

Tabora hadi Isaka, na dumu la asali

Mtu haendi ukweni mikono mitupu, tena mara ya kwanza. Nilibeba dumu la asali ya misitu yetu, ile nyeusi, na kifuniko chake kilikuwa kibovu. Nilijua ni kibovu. Nilikifunga kwa kipande cha kanga nikajiambia Mungu atasaidia.

Treni ilichelewa kama kawaida yake, na ilipoondoka ilikwenda kwa kujifikiria. Mbele kidogo bwana mmoja aliyekaa karibu nami alivua kofia akaiweka juu ya benchi, akasinzia. Alipoamka kuitaka, kofia ilikataa kuondoka. Asali ilikuwa imepita chini ya kitambaa na kutandaa. Nilisubiri matusi. Bwana yule alilamba kidole, akafikiri kidogo, akaniuliza asali ni ya upande gani, na tukaongea nyuki mpaka Isaka. Alishuka na kofia yake mkononi, ina nzi wawili.

Isaka hadi Rusumo, juu ya chumvi

Isaka nilimpata Kasimu, dereva wa lori la chumvi, kijana wa Kahama ambaye mdomo wake hauna breki hata kama gari lake linazo. Ndiye aliyekuwa akileta majibu ya mama mkwe, kwa hiyo alinijua kabla sijamjua. "Wewe ndiye yule wa Tabora," aliniambia, na nikajiuliza huko Kigali nazungumzwaje.

Baada ya Nyakanazi gari likaharibika gia. Tukangoja spea. Hakuna aliyejua itatoka wapi wala lini, ila Kasimu alikuwa na hakika itatoka. Mama mmoja wa kijiji cha jirani akawa anatuuzia viazi vitamu vya kuchoma, nami nikawa navichovya kwenye asali iliyokuwa ikivuja hata hivyo. Vumbi la barabara ile ni jekundu na linaingia kila mahali. Gari lilipopona, mimi nilikuwa nimeugua. Mafua yaliziba pua zote mbili, kikohozi kikanikamata kifuani, na sauti yangu ikawa ya dume la mbuzi. Nilijionea huruma sana. Mkwe mwenyewe hajawahi kuniona, halafu anaonyeshwa hivi!

Rusumo hadi Kigali

Ukivuka daraja la Rusumo, maji yanaanguka chini yako kwa kelele, na upande wa pili magari yanapita mkono wa kulia. Kasimu alikuwa amenionya. Hata hivyo niliposhuka kunyoosha miguu nikatazama upande nilioudhani, nikakaribia kugongwa na baiskeli yenye mikungu ya ndizi. Mwenye baiskeli alisema maneno mengi ya Kinyarwanda ambayo nashukuru sikuyaelewa.

Tulisimama Kayonza kula. Mishkaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma, ee, kule wanajua! Ila niliomba chai nikaletewa bakuli la maziwa ya moto ambayo majani ya chai yalipitishwa juu juu tu. Nikaomba chai nyingine, isiyo na maziwa. Yule binti alinitazama kwa masikitiko kama mtu aliyefiwa, akaenda kuniletea, na hakukubali kuamini kwamba napenda hivyo. Njiani kulikuwa na vizuizi vya askari. Kwenye kila kimoja Kasimu alinyamaza, na hapo ndipo nilipojua kwamba mambo si mchezo.

Biryogo, asubuhi ya bidii

Jioni nilipofika, Mama Sefu alikuwa amesimama mlangoni, mrefu, kitenge kimefungwa vizuri, uso hausemi lolote. Sisi Wanyamwezi mkwe tunamsalimu kwa kupiga magoti, na magoti yangu yalikwishafunzwa. Nikashuka chini. Wakati huohuo yeye akafungua mikono anikumbatie, maana kwao salamu ni kukumbatiana, mkono huku, mkono kule, taratibu. Akakumbatia hewa. Nilipoona kosa nikainuka haraka, na kichwa changu kikampiga kidevu.

"Mbega!" alishangaa kwa Kinyarwanda, akishika kidevu. "Wewe wa Tabora iko na nguvu."

Usiku ule aliongea nami kwa adabu na bila joto. Aliniita "wewe wa Tabora" kila mara, hakutaja jina langu. Nilipomweleza kwamba Sefu anamtaka aje, akarudia yale majibu mawili neno kwa neno. Nilipomwomba anionyeshe huo umuravumba, akasema, "Utaona kesho, mti haikimbii."

Laiti angeniwashia taa akanionyesha usiku uleule. Mimi nililala nikipanga namna ya kumpendeza. Mke mwema ukweni haamshwi. Kabla hajatoka chumbani nilikuwa nimekwisha kufagia, kuosha vyombo na kumimina asali kwenye chupa zake. Kisha nikatazama uani kuona kama kuna kazi iliyobaki. Karibu na jiwe la kutawadhia kulikuwa na kichaka kibaya. Matawi yamepindana, majani machache yamejikunja chini chini, na juu kote ni vishada virefu vya maua ya zambarau iliyopauka, vimelegea vinaning'inia. Sefu aliniambia jani pana. Maua hakuyataja hata kwa bahati mbaya. Kwetu kitu chenye sura ile ni gugu, na gugu kwenye uwanja wa mkwe ni aibu ya mkamwana.

Nikatafuta panga.

Mashina yake ni laini, yana maji, yanakatika upesi, na mimi nikanogewa. Mikono ilianza kunata nikadhani ni asali. Harufu sikuisikia kwa sababu pua zilikuwa zimeziba. Nilikata mpaka kikabaki kisiki, nikabeba kila kitu mpaka jalalani nyuma ya nyumba, nikarudi kusimama katikati ya uwanja msafi, nimeridhika.

Wa kwanza kufika alikuwa Zuberi, fundi cherehani wa ng'ambo ya kichochoro, mtu wa makamo mwenye kikohozi cha miaka. Kila asubuhi huja na kikombe chake kuchuma majani. Alisimama, akatazama kisiki, akanitazama mimi na panga langu.

"Subhanallah! Nani iko kata umuravumba?"

Mwenzenu nilitamani ardhi ipasuke. Mama Sefu alitoka kwa kelele zile. Hakupiga ukelele. Alikuja akashika mikono yangu, akaipeleka puani kwake.

"Hii ni nini?"

"Asali, mama."

"Oya, si asali. Nusa."

"Siwezi kunusa, mama. Nina mafua."

Aliiachia mikono yangu. Kisha akarudi ndani akafunga mlango.

Nililia. Sioni haya kusema, nililia kwa sauti ile yangu ya mbuzi, maana safari yote ile nilikuja kutafuta mti mmoja na mama mmoja, na kabla jua halijapanda nilikuwa nimepoteza wote wawili. Zuberi alikaa kando yangu kwenye jiwe akikohoa. Sikuwa na la kumpa ila asali, nikammiminia kwenye kikombe chake.

"Nyamaza, dada," alisema akilamba. "Ihangane, vumilia. Huu mti mama alikuwa analinda sana. Maji ya kutawadha yote anamwagia hapo, ndiyo maana hata kiangazi ilikuwa na majani. Kwingine kote saa hii iko maua tu, majani yote ilianguka. Na majani anatugawia kila siku, kwa kikohozi, kwa homa, kwa tumbo, kwa jino. Lakini tawi ya kupanda, hapana! Hata mimi niliomba nikachoka."

"Kwa nini?"

"Anasema ukiwa nayo kwako, asubuhi nani atakuja kumusalimia? Toka Sefu alienda, nyumba yake iko kimya."

Hapo nikayaelewa yale majibu mawili, na nikaacha kuyaita visingizio.

Mlango ukafunguka. Mama alitoka na jembe begani.

"Matawi ulitupa wapi?"

"Jalalani."

"Sasa umekaa ya nini? Kimbia!"

Mbuzi wa jirani walikuwa wamefika jalalani kabla yangu, lakini mbuzi hagusi jani lile kwa uchungu wake. Yalikuwepo yote. Tuliyakusanya kivulini, mama akayakata vipande vya kiasi cha mkono na kuvilaza mpaka utomvu ukauke, kwa sababu ukipanda kibichi kinaoza. Mti huu hauhitaji mbegu, tawi lenyewe linatosha. Yalikuwa mengi kupita uwanja wake. Watu wa kichochoro walikwisha kusikia, wakaja kutazama mkamwana mwenye panga, na mama, huku akinuna, akampa kila aliyefika tawi lake. Zuberi alipewa mawili. Alishukuru mpaka akaambiwa inatosha.

Jioni alichemsha yale majani machache yaliyokunjamana, akaniinamisha juu ya sufuria na kunifunika blanketi. Mvuke ulinichoma macho. Nilikohoa, nikapiga chafya, na ghafla pua zikafunguka, nikaisikia harufu. Sefu alisema kweli. Ni kali, ina utamu nyuma yake, inafika mpaka kisogoni. Nililia tena chini ya blanketi, safari hii kwa sababu nilimkumbuka mume wangu akiwa amefumba macho.

"Sefu hakukwambia maua?" mama aliuliza kutoka nje ya blanketi.

"Hapana. Alisema majani tu."

"Iko sawa na baba yake. Anakunywa dawa, maua haangalii." Na nikasikia anacheka.

Kagarama, kumtafutia mti mke

Asubuhi iliyofuata aliniambia tutoke. "Hii yangu ni mume," alisema, akinionyesha kishada kirefu kilicholegea. "Iko ingine, muke, maua yake mafupi, yamekazana, yanaelekea nyeupe. Watu wengi wanafikiri ni miti mbili, lakini ni moja. Ukipanda mume peke yake, mbegu hutaona. Wewe utapeleka yote mbili."

Tulipanda gari mpaka njia panda ya Sonatubes, kisha tukashika njia ya kusini kwa miguu mpaka Kagarama, ambako nyumba zimeachana na mihogo na maharage yameshuka mpaka bondeni. Umuravumba wa porini unapenda mawe na kingo za vijito. Kiangazi, nyasi zimekauka na kila kitu ni rangi ya udongo, wenyewe ndio kwanza unachanua, na nyuki kwa kuwa hawana pengine wanajaa hapo. Mimi niliyezaliwa kwenye asali nilisikia mlio wao kabla sijaona maua. Jike lilikuwa juu ya mwamba, limejaa vishada vifupi vyeupe. Ni zuri, jamani. Nililiangalia nikaona haya kwamba jana yake dume lake nililiita gugu. Mama alikata matawi mwenyewe. Panga hakunipa.

Kurudi, askari walitusimamisha kwenye njia panda. Mmoja akafungua bunda letu, akatazama, kisha akaninyooshea kidole na kuuliza jambo kwa Kinyarwanda. Mama alijinyoosha urefu wake wote.

"Ni umukazana wanjye," alisema.

Neno hilo nilikuwa nimefundishwa na Sefu kabla ya kuondoka. Maana yake mkamwana wangu. Askari alirudisha bunda, tukapita. Mama aliendelea kutembea kama hakusema kitu, nami nilimfuata nyuma nikiwa sioni njia vizuri kwa machozi.

Kurudi na kuni

Nilimwomba tuondoke wote na lori la Kasimu. "Jibu la kwanza limekwisha, mama," nilimwambia. "Kila nyumba sasa ina mti wake."

"Ulimaliza wewe na panga yako," alisema. "Lakini la pili bado. Kwanza panda. Ikikubali, niambie."

Kule mgeni haachwi aondoke peke yake. Kichochoro kizima kilinisindikiza, wakapungua kidogo kidogo kila kona. Zuberi alifika mbali, akarudi akikohoa. Mama alifika mpaka kwenye lori. Matawi alikuwa ameyafunga kwa magamba ya mgomba, ncha zimepakwa majivu, dume kwa uzi mwekundu wa Zuberi na jike kwa mweupe. Safari hii tulisalimiana bila kuumizana: mimi sikupiga magoti, yeye alinikumbatia, na tulikaa hivyo mpaka Kasimu akapiga honi.

Mpakani upande wetu afisa alilifungua bunda akakuta vijiti visivyo na jani. "Mama," aliniambia kwa upole, "kwetu miti imekwisha mpaka unabeba kuni kutoka nchi za watu?" Nikamwambia ndiyo, hizi ni kuni za mama mkwe wangu, zinawaka vizuri. Alicheka akaniruhusu. Kwa hiyo yule anayesema nilirudi na uchawi ajue kwamba hata serikali iliona kuni tu.

Tabora

Sefu alinipokea stesheni. Hakuniuliza habari za mama. Alichukua kijiti kimoja, akakwangua ganda kwa ukucha, akanusa, akaketi pale pale juu ya mzigo wa watu.

Tulivipanda karibu na jiwe la kutawadhia, kama kule. Vikakaa vijiti. Kila alfajiri Sefu alitoka kuviangalia kabla ya kwenda kazini. Vile vya uzi mweupe vingine vilioza, nikaona ni adhabu yangu. Kisha asubuhi moja aliniita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu vita vianze. Kwenye kijiti cha uzi mwekundu kulikuwa na majani mawili madogo, yana manyoya. Baada ya siku chache na cha uzi mweupe kikafuata. Tulikata jani moja, Sefu akapanda nalo treni mpaka Isaka kumpa Kasimu alipeleke Biryogo.

Juzi Kasimu alikuja mwenyewe mpaka hapa kutuletea jibu, maana alisema hili si la kumpa mtu mwingine. Mama alilinusa jani, akalikunja kwenye ncha ya kitenge. Kisiki chake kimechipua. Zuberi ameahidi kukimwagia maji. Na yeye ametuma maneno haya: kitanda chake kikae mbali na mlango, dirisha lifungukie upande wa mti, na panga la umukazana wake lifichwe kabla hajafika.

Kitanda Sefu anakimalizia leo. Panga limekwenda kwa jirani yetu Mama Kulwa, na tafadhali, anayelihitaji amfuate huko huko.